Rafiki Yangu Msomi

Kambi ya Mkonge, Korogwe
12 Machi 1966

Dada Hajira, mlamu wangu,

Shikamoo. Najua utacheka, maana mwenye mvi ni mimi na shikamoo natoa mimi. Lakini wewe ndiye mkubwa wa Mwantumu. Basi pokea.

Mimi nipo. Goti la kushoto linauma asubuhi, likipata jua linaacha. Mvua zimeanza vizuri. Simeo, yule Mnyamwezi ninayekata naye mkonge, anakusalimu. Anasema Wazigua wote waongo isipokuwa wewe. Nimemwambia hajawahi kununua chai yako.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Laurenti mwenye mashine ya kusaga, pale njia ya mtoni. Alikuja na watu wawili na kamba, wanapima shamba langu. Nikamwuliza, "Unapima nini?" Akasema, "Napima changu." Anasema yule Mzungu wa zamani, Bwana Miwani, alimwuzia kipande chote alipokuwa anaondoka mwaka wa Uhuru. Nikamwambia Bwana Miwani alinipa mimi nilime, na nimelima kabla wewe hujajua Korogwe iko wapi. Akasema, "Kulima si kumiliki, mzee." Nikamwambia mke wangu amelala humo. Mtoto wangu amelala humo. Akasema pole.

Nilitaka kumpiga. Goti likakataa.

Kesi iko mahakama ya wilaya. Chama chetu cha wafanyakazi kimenipa wakili kutoka Tanga. Anaitwa Yordani Semboja. Msambaa, kijana bado, anavaa tai hata jua likiwaka. Maisha yangu sijawahi kuwa na wakili. Nilimpa mkono akaushika kwa mikono yake miwili. Hilo nililipenda.

Mimi sitaki mengi. Nataka makaburi yale mawili yakae yalivyo na mimi nikae karibu nayo. Laurenti akipanda mpunga juu ya Mwantumu nitafanya jambo baya.

Unakumbuka tulivyotoka Kwedizinga? Mwantumu kafunga miche ya michungwa kwenye kanga iliyolowa, anaibeba kama mtoto. Wewe ukamwambia, "Mwenzio anakwenda kukata mkonge, wewe unakwenda kulima nini?" Ile michungwa sasa inazaa mpaka matawi yanainama. Yeye hayupo wa kuichuma.

Barua mpe kondakta, nitaichukua stendi.

Mdoe


Kabuku
4 Aprili 1966

Shemeji Mdoe,

Marahaba, tena marahaba mbili, maana kupata shikamoo ya mzee kama wewe si kila siku.

Huku tunaendelea. Kibanda cha chai kimepata bati mpya. Malori ni mengi, vumbi ni jingi, maandazi yanauzwa na vumbi lake. Paulina, yule mama wa Kisambaa anayeuza chai hapa jirani yangu, amepata mjukuu. Mahindi ya Kwedizinga yametoka vizuri, Mungu akipenda tutakula.

Habari ya Laurenti imenikata maini. Wewe usipigane. Umri umekwisha na goti limekwisha. Mshike huyo wakili, umweleze yote, usifanye kama kawaida yako ya kujibu maneno mawili halafu unatazama pembeni. Mwambie nani alipanda ile michungwa. Mwambie Abdi alizikwa lini na mama yake alizikwa lini. Wakili hana macho ya kuona yaliyopita, wewe ndiye macho yake.

Mimi nilicheka kweli siku ile ya miche. Sikujua namcheka mtu anayekwenda moja kwa moja.

Na wewe, Mdoe, lile nililokuuliza hapa kwetu siku ya hitma hujanijibu mpaka leo. Kwa nini hakuletwa nyumbani akazikwa Kwedizinga na wenzake? Mama ameniuliza tena wiki iliyopita. Yuko kitandani sasa, hatoki nje. Nimpe jibu gani?

Hajira


Korogwe
20 Juni 1966

Dada Hajira, shikamoo.

Barua yako ilifika imemwagikiwa chai yenye sukari. Sisimizi waliisoma kabla yangu.

Mwambie mama nampa pole. Lile la Kwedizinga tutaongea.

Kesi imetajwa. Sikiliza sasa niliyoyaona.

Nilifika mahakamani mapema, nimevaa lile koti la harusi. Nikakaa ukutani. Ikaja gari, Pijo nyeupe. Mlango wa huku akashuka wakili wangu. Mlango wa kule akashuka mtu mnene ana mkoba kama wake. Wanacheka. Yule mnene anampiga wangu mgongoni. Nikadhani labda karani wake. Tulipoingia ndani ndipo nikajua. Ni wakili wa Laurenti! Anaitwa Matayo, naye Msambaa wa milima ile ile. Gari moja, Hajira. Kutoka Tanga mpaka Korogwe gari moja. Waliongea nini njia nzima?

Hakimu anasikiliza Kiingereza. Karani anatugeuzia sisi kwa Kiswahili. Wangu anasimama, karani anasema, "Anasema rafiki yangu msomi amekosea." Wa Laurenti anasimama, karani anasema, "Rafiki yangu msomi anachelewesha." Rafiki yangu msomi huku, rafiki yangu msomi kule. Mbele ya hakimu, hawaoni hata haya.

Halafu yule mnene akaomba kesi isogezwe mbele, shahidi wake hayupo. Wangu akasema hana pingamizi. Yeye hana! Mimi ninalo. Nilisimama nikataka kulisema, askari akanikalisha.

Mchana nikawafuata mpaka hotelini. Wali sahani moja, wanakula pamoja, wangu anamsogezea mwenzake nyama. Wanaongea Kishambaa. Kishambaa si mbali na Kizigua, nusu niliipata. Yule mnene alisema, "Huyu mzee wako atakutoa jasho." Wangu akacheka. Mimi nimesimama mlangoni na koti langu.

Mimi nimeona vya kutosha. Anayekulindia mbuzi hali sahani moja na anayetaka nyama yake. Nataka kumwacha huyu kijana nisimame mwenyewe. Ninajua kusema "shamba langu". Halihitaji Kiingereza.

Unaonaje?

Mdoe


Kabuku
27 Juni 1966

Shemeji,

Marahaba. Nakujibu upesi kabla hujafanya upumbavu. Wazima tupo, mama ni vile vile.

Mimi na Paulina tunauza chai ukuta kwa ukuta. Chumvi ikiniishia natoa kwake. Mtoto wake akiugua nalala naye mimi. Mchana tunakula pamoja, sahani moja, sawa na hao wasomi wako. Lakini lori likipunguza mwendo! Hapo hakuna Paulina wala Hajira. Kila mtu na sauti yake, kila mtu na birika lake. Juzi alininyang'anya basi zima la watu wa Moshi, akasimama katikati ya barabara anacheza. Nikamwita mchawi. Jioni tukagawana mboga.

Sasa wewe unaniambia watu wakila sahani moja hawawezi kugombania mteja?

Na hilo la rafiki. Wewe miaka yote ulimwita nyapara "baba". "Ndiyo baba, nakuja baba." Mwantumu alikuwa anakuigiza hapa nyumbani tunacheka mpaka tunalia. Yule nyapara alikuwa baba yako? Alikuzaa? Huenda na wao wana neno lao la kazini, wanalisema tu kama wewe ulivyosema lako.

Sisemi umwamini. Simjui. Nasema usimfukuze kwa sababu ya wali.

Hajira


Korogwe
15 Julai 1966

Dada, shikamoo.

Chai si kesi. Ukimpoteza mteja leo, kesho lori lingine linakuja. Mimi lori langu ni moja.

La nyapara umenishika, nakubali. Lakini mimi nyapara sikula naye sahani moja hata siku moja. Angenikaribisha ningekataa.

Mengine. Laurenti ameshaingiza vibarua upande wa chini, karibu na mto. Wamefyeka mpaka kwenye mchungwa wa kwanza. Walikuwa wanataka kuukata. Nilikaa chini yake na panga langu mapajani. Wakaondoka. Nimekosa kazi siku ile, nyapara amenikemea. Huyu wa sasa simwiti baba.

Nimepeleka ujumbe kwa wakili. Kimya. Labda anakula.

Ukikaa chini ya ule mchungwa unasikia treni kabla haijafika. Mwantumu alikuwa akiisikia anainuka, anakwenda kuuza machungwa stesheni. Siku ya Uhuru hakuuza hata moja. Alisimama stesheni anagawa, kila mtu anayeshuka anampa. Nikamwuliza, "Umeingiwa na nini?" Akasema, "Leo kila mtu ni mgeni wangu." Nilikasirika. Sasa naikumbuka nacheka peke yangu, Simeo anadhani nimechanganyikiwa.

Mdoe


Korogwe
30 Agosti 1966

Dada Hajira,

Hujajibu. Kondakta anasema kibanda chako kimefungwa na Paulina hataki kusema uko wapi.

Wakili bado kimya. Nimeandika barua ya kumwachisha, niipeleke kwa katibu wa chama. Iko mfukoni. Nakwenda nayo kazini, narudi nayo.

Kama umekasirika, sema. Kama unaumwa, sema.

Mdoe


Kabuku
18 Septemba 1966

Mdoe,

Mama amefariki. Tulimzika Kwedizinga. Baadaye nikaenda Kang'ata kwa mjomba nikakaa. Sikukuandikia. Nilikuwa sitaki kukuandikia.

Alikufa anauliza kwa nini binti yake yuko Korogwe katikati ya mkonge na watu wasiomjua. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu wewe hukunipa. Nilisema uongo. Nilimwambia mvua ilikuwa nyingi, barabara ilikatika. Mama akasema, "Mwezi ule haukuwa wa mvua."

Sasa unaniandikia habari ya barua ya kumfukuza wakili, iko mfukoni. Mdoe, lile si kaburi lako peke yako. Ni la mdogo wangu. Ukimfukuza wakili kwa hasira, ukasimama pale mbele ya hakimu na maneno yako mawili, Laurenti atalima. Halafu utaniandikia nini? "Tutaongea"?

Wewe hujawahi kuogopa kumwuliza mtu. Baba alipokunyima Mwantumu mara ya kwanza, ulirudi kesho yake ukamwuliza, "Umeninyima kwa sababu gani?" Mbele ya wageni. Basi nenda Tanga. Mtazame huyo kijana usoni, umwulize kama ulivyomwuliza baba. Akikudanganya utajua. Usiache wali ndio uamue.

Na mimi nijibu nililouliza. Sitauliza tena.

Hajira


Korogwe
10 Novemba 1966

Dada Hajira, shikamoo.

Pole kwa mama. Nilikaa chini niliposoma. Alinipa mke mumewe aliponinyima, maana najua ni yeye aliyemlainisha mzee. Sikufika kumzika. Nisamehe.

Nilikwenda Tanga kwa treni. Ofisi ya wakili iko ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alishangaa kuniona. Akavuta kiti. Nikasema nasimama.

Nikamwuliza, "Wewe ni wangu au wa Matayo?"

Akaweka kalamu chini. "Mzee, nani kakuambia maneno hayo?"

"Macho. Gari moja. Sahani moja. Na masikio. Rafiki yangu msomi."

Akacheka. Akaniona sicheki, akaacha.

"Gari ni la Matayo," akasema. "Langu limeharibika gia. Ningengoja basi ningekukuta umeshaitwa hukuitikia. Na hilo la rafiki msomi ni desturi ya mahakama. Wakili mwenzangu hata angekuwa amenichomea nyumba, mle ndani ningemwita hivyo hivyo."

Nikakumbuka baba nyapara. Sikumwambia.

"Na wali?" nikasema.

"Wali ni urafiki kweli. Hapo sikufichi. Nimesoma naye tangu tunavaa kaptula. Mama yake akinikuta njiani ananiuliza nimekula."

Nikageuka niondoke. Sikutaka kusikia zaidi. Akanifuata mlangoni.

"Mzee Mdoe, unacheza bao?"

"Nacheza."

"Ukicheza na mgeni, umemla sana, anaona haya. Unafanyaje?"

"Namwachia moja apumue."

"Na rafiki yako je?"

Nikamfikiria Simeo. Hajira, miaka yote ile Simeo hajawahi kuniachia hata kete moja. Mimi nikimfunga, namtangaza kambi nzima. Akinifunga, ananitania mpaka chooni.

"Matayo alinishinda kesi mbili mwaka huu," wakili akasema. "Anazisimulia harusini. Mimi mwenyewe nimealikwa, nimekaa pale, anazisimulia. Unadhani mtu ninayetaka sana kumshinda ni nani?"

Nikamwuliza na hili, kwa nini alikubali kesi isogezwe. Hapo akanitazama yeye. Akasema, "Shahidi wako alikuwa wapi siku ile?"

Hili sikukuandikia. Simeo hakufika. Alikuwa amelewa tangu jana yake. Nilijua, nikanyamaza, nikaona bora nimlaumu kijana kwa kukosa pingamizi. Kijana alishajua. Kama kesi ingeendelea siku ile ningekuwa peke yangu. Na Matayo, kwa ajili ya urafiki wao, hakuuliza shahidi wetu yuko wapi. Kwa hiyo sijui tena urafiki ule niuweke upande gani.

Sisemi nimeamini. Nasema ile barua nimeichana kwenye treni.

Sasa lako.

Si mvua. Si barabara. Alikataa yeye. Alipoona anakwenda, nilimwambia nitakupeleka nyumbani kwa mama. Akasema, "Nikienda Kwedizinga, Abdi atabaki na nani hapa?" Mtoto alikuwa amekaa miaka mingi peke yake kwenye ile michungwa. Mwantumu alikuwa anakwenda kwake kila jioni, mimi nadhani anachuma machungwa.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ningesema, mngesikia kwamba alimchagua Abdi, hakumchagua mama yenu. Nikaona bora mnilaumu mimi. Mimi nimezoea.

Kosa langu ni hilo. Mama angelala vizuri.

Mdoe


Kabuku
28 Desemba 1966

Shemeji Mdoe,

Marahaba. Tumo kwenye mfungo, koo kavu, nauza chai ninayoitamani. Paulina ananionea huruma, anakunywa akinipa mgongo.

Nilikwenda Kwedizinga nikamwambia mama. Najua hasikii. Nilimwambia kwa sauti hata hivyo, wapita njia wakasimama.

Ungesema. Lakini basi. Kama angekuwa mwanangu aliyelala pale, na mimi nisingeondoka.

Kuna sababu mimi sikuja kumzika mdogo wangu. Sitaiandika. Kondakta anasoma barua, juzi aliniuliza goti lako linaendeleaje.

Kuhusu kijana wako, nimeisoma habari ya bao nikamsomea Paulina. Akasema, "Ndiyo maana nililichukua lile basi la Moshi. Ungekuwa mtu baki ningekuachia nusu."

Hukumu lini?

Hajira


Korogwe
11 Februari 1967

Dada Hajira, shikamoo.

Nakuandikia kwa mpangilio, usiruke chini.

Siku ya kesi walikuja na gari moja tena. Safari hii sikutazama. Simeo nililala naye chumba kimoja, nimefunga mlango na ufunguo nimeufunga shukani kwangu. Alifika mahakamani mkavu kama mkonge ulioanikwa, akasema vizuri.

Matayo akanishika mimi. Ni mkali, Hajira. Macho ya urafiki yalibaki hotelini. "Ulilima kwa ruhusa ya nani?" Nikasema ya Bwana Miwani. "Alikupa karatasi?" Nikasema, "Alinipa jembe." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanigeuza huku na huku mpaka nikakubali kwamba upande wa mtoni sikuulima miaka mingi, tangu Mwantumu aondoke. Ni kweli. Goti. Nikakubali, nikamwona hakimu anaandika.

Wangu akasimama kumhoji Laurenti. "Uliponunua ulikuta nini pale?" "Michungwa." "Nani aliipanda?" "Sijui." "Imejiotea? Kwa mistari?" Laurenti akanyamaza. Matayo akaruka kupinga. Wangu akamjibu. Wakagombana, mishipa ya shingo imesimama, karani anashindwa kugeuza, tunasikia rafiki yangu msomi, rafiki yangu msomi, kama watu wanarushiana mawe. Hakimu akagonga meza. Yule kijana alikuwa amelowa jasho mpaka tai. Nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Hukumu ilisomwa juzi. Juu, penye nyumba na michungwa na makaburi, ni pangu. Chini mpaka mtoni ni pa Laurenti. Nimepata nusu, na nusu yenyewe ndiyo niliyoitaka. Lakini kukosa ni kukosa, roho iliniuma.

Tukatoka nje. Mawakili wakapeana mikono. Wangu akaniaga kwa mikono miwili. Kisha wakaingia kwenye Pijo. Nikasikia wanaanza kubishana kabla mlango haujafungwa, halafu kicheko. Wakaenda.

Barabarani tumebaki mimi na Laurenti. Ameshika baiskeli. Akaja mpaka nilipo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mdoe, niambie ukweli. Wakili wako alimpa nini wakili wangu?"

Nikamtazama. "Wako alimpa nini wangu?"

"Mimi nimekuwa silali tangu mwezi wa sita," akasema. "Gari moja! Sahani moja! Nikamwambia mke wangu, yule mzee ametuzunguka."

Nikacheka. Hajira, nilicheka mpaka nikashika baiskeli yake nisianguke. Sijacheka hivyo tangu Mwantumu. Yeye akakasirika kwanza, kisha naye ikampata. Watu wa mahakama wakatoka kutazama. Waliokuwa wanashitakiana, sasa wanafutana machozi.

Tukatembea. Njia ni moja. Aliikokota baiskeli, hakuipanda, maana mimi nachechemea. Akaniuliza kama nimesikia redioni habari za Azimio. Nikasema nimesikia. "Wanasema mashine kubwa za kusaga zinachukuliwa na serikali," akasema. "Yangu ni ndogo, lakini nani anajua? Tumegombania shamba mwaka mzima, kesho huenda likawa la kijiji." Nikamwambia kama ni la kijiji, nitalilima na wewe, na goti langu utalibeba wewe.

Tulipofika kwenye mashine yake akasimama. "Mdoe, utapitaje?"

Hakuna aliyelisema hilo mahakamani. Nyuma yangu ni mkonge na seng'enge. Mbele sasa ni pake. Makaburi ni yangu, lakini sina mlango wa kuyafikia.

"Nililiona wakati hakimu anasoma," akasema. "Nikanyamaza. Nikafikiri, acha, atajua mwenyewe."

Nilikuwa namngoja.

Akasema, "Mkeo alikuwa anasaga kwangu. Alikuwa anakuja na machungwa kwenye ungo, juu ya mahindi. Ananipa mawili, namsagia kabla ya watu wote. Wanawake walikuwa wanamtukana."

Mimi miaka yote nikimsifu Mwantumu kwa kurudi upesi mashineni! Kumbe alikuwa anaruka foleni.

Nikamwambia, "Basi ulijua nani alipanda."

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana lile swali lilinishinda."

Akaegesha baiskeli. Akachukua jembe ndani. Tukapita pembeni ya mashine, penye changarawe, akawa anachonga njia mbele na mimi namfuata, mpaka kwenye mchungwa wa kwanza. Pale akasimama. Hakuingia. Akasema, "Upana huu unatosha watu wawili." Nikasema unatosha.

Sasa njoo. Sababu yako iache Kabuku, sitaiuliza. Paulina akushikie birika. Panda basi mpaka Korogwe, na ukishuka usiulize kwa Mdoe, kambini hawaijui njia mpya. Uliza kwa Laurenti mwenye mashine. Kaburi la mdogo wako unapitia mlangoni kwake.

Mdoe